Likizo ya Familia: Starehe au Urithi?



Wapendwa wana-ndoa, shule zinapokaribia kufungwa, iwe ni Aprili, Agosti au Desemba, swali moja huingia katika nyumba zetu: watoto wataenda wapi, na sisi wazazi tutaenda wapi? Katika nyumba nyingine swali hili huleta furaha. Katika nyumba nyingine huleta ugomvi. Baba anataka kwenda kwao Othaya. Mama anakumbuka kwamba ni miaka mitatu sasa hajalala kwa mamake Kerugoya. Watoto nao wamesikia kwa rafiki zao habari za bahari ya Mombasa. Pesa ni zile zile na siku za ruhusa kazini ni chache. Basi kila mmoja anavuta upande wake, na safari inaanza kabla ya mioyo kupatana.

Huenda mwingine akauliza: likizo na ndoa vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Mwaka mzima mume na mke hukimbizana na kazi, karo, kodi ya nyumba na deni la chama. Likizo inapofika, ndipo watoto wanapoona baba na mama huchagua nini wakati hakuna mkubwa wa kazi wala kengele ya shule inayowaamuru. Mtoto huusoma uchaguzi huo, nao humwingia moyoni kuliko maonyo mengi. Kwa hiyo leo napenda tutafakari pamoja: likizo ya familia ni ya nini? Na je, tunapopumzika, bado tuna wajibu kwa wazazi wetu, kwa imani yetu na kwa asili yetu?

AMRI MBILI ZILIZO JIRANI

Katika mafundisho ya ubatizo sote tulijifunza Amri Kumi za Mungu. Amri ya tatu inatuagiza kuitakasa siku ya Bwana. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Zitazame vizuri: zinafuatana. Mungu anapomaliza kutuagiza juu ya pumziko, neno linalofuata ni juu ya wazazi.

Fungua pia Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Hapo Musa anawaeleza Waisraeli sababu ya kupumzika siku ya Sabato. Anawataka wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwamba ni Mungu aliyewatoa huko. Tena anasema kwamba pumziko hilo ni la nyumba nzima: mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni, hata ng'ombe na punda. Tunapata hapa mafundisho mawili. La kwanza, pumziko la mtu wa Mungu lina kumbukumbu ndani yake. La pili, pumziko langu si la haki ikiwa mwingine anataabika ili mimi nilipate. Fundisho hili la pili tutalikuta tena jikoni.

Familia Takatifu nayo ilikuwa na safari yake. Mtakatifu Luka anatueleza (Lk 2:41-52) kwamba Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, wakiandamana na jamaa na marafiki. Yesu alipokuwa na miaka 12 walimpoteza, wakamtafuta siku tatu. Kwa hiyo hata safari ile takatifu ilikuwa na mashaka yake. Ikiwa yenu itakuwa na gari bovu, mtoto anayetapika njiani na neno moja au mawili ya hasira, msikate tamaa. Lakini angalieni jambo moja: Maria alipompata mtoto, alimwambia kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Hakumlaumu Yosefu. Walitafuta pamoja.

MAJINA MAWILI YA MTOTO

Hapa kwetu chini ya Mlima Kenya mtoto Mkatoliki huwa na majina mawili. Anaitwa, tuseme, Yosefu Mwangi au Irene Wangari. Jina la kwanza alilipata kwenye kisima cha ubatizo, nalo ni la mtakatifu. La pili alilipata katika desturi ya Agikuyu: mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili jina la nyanya mzaa mama. Ndiyo maana cucu humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume wangu, na guka humwita mjukuu wa kike bibi arusi wangu. Utani huo una hekima. Unamwambia mtoto kwamba yeye ni mwendelezo wa watu waliokuwapo kabla yake.

Sasa jiulize, baba na mama: je, mtoto wenu anawajua wenye majina yake? Wako vijana wanaoweza kukutajia wachezaji wote kumi na mmoja wa Arsenal, lakini ukiwauliza mtakatifu wao alifanya nini duniani, wananyamaza. Ukiwauliza Wangari wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alilia kwa sababu gani, wanakutazama tu. Wanabeba majina mawili, na hakuna hata moja lenye sura.

Basi mimi naona likizo ya familia ya Kikristo ni wakati wa kumpeleka mtoto kwa wenye majina yake. Upande mmoja ni imani, upande wa pili ni asili, na Mungu ameviweka vyote viwili katika mtoto mmoja. Aliyetutangulia alisema mwacha asili ni mtumwa. Hakusema mtu asisafiri wala asipumzike. Alituonya kwamba asiyejua alikotoka atachukuliwa na yeyote anayempigia kelele zaidi.

KWA KINA NANI?

Hapa ndipo wengi huanza kugombana. Mume husema: "Ukishaolewa, kwenu ni kwangu. Krismasi ni kwetu." Mke hunyamaza, lakini kunyamaza kwake si amani. Anaandaa nguo za watoto huku moyo uko kwa mama yake mgonjwa.

Ndugu yangu mume, desturi unayoitetea imekwisha kukujibu. Mwana wako wa pili ana jina la nani? Binti yako wa pili ana jina la nani? Kila siku ukimwita mtoto huyo unalitamka jina la baba mkwe au mama mkwe wako. Utalitumiaje jina la mzee kila asubuhi, na mzee mwenyewe usimjulie hali mwaka mzima? Wazee wetu walipogawa majina kwa pande zote mbili walikuwa wakisema kwamba mtoto ana deni la heshima kwa pande zote mbili. Na siku ya ruracio ulikwenda kuungana na jamaa nzima. Hukwenda kununua mtu na kumhamisha. Maandiko nayo, katika Mwanzo 2:24, yanapoeleza ndoa, yanasema mwanamume ndiye anayewaacha baba na mama yake aambatane na mkewe.

Nawe mama, usiifanye ziara ya kwa wakwe kuwa adhabu ya kulipiziwa baadaye. Mama mkwe aliyekuwa mkali miaka kumi iliyopita huenda leo ni mzee anayeogopa giza. Mpe nafasi ya kuwa mtu mwingine.

Njia ya haki si ngumu. Wengine hupokezana: Krismasi mwaka huu kwa baba, mwaka ujao kwa mama. Wengine, kama makwao ni karibu kama Karatina na Mukurweini, hugawanya siku katika safari moja. Na wale ambao mmoja ametoka Nyeri na mwingine Machakos au Siaya, watoto wenu wana utajiri mara mbili. Msiwanyime lugha ya upande mmoja kwa sababu ya kiburi cha upande mwingine. La muhimu ni kwamba mume na mke waamue wakiwa wawili, kabla ya kuwatangazia watoto, na kabla ya simu ya shangazi.

NANI ANAPUMZIKA?

Tuseme mmefika nyumbani. Jioni ya kwanza ni furaha: chai, viazi vitamu, nduma na vicheko. Kesho yake mambo hujionyesha. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto. Anapika uji, anaosha vyombo, anamenya viazi vya mukimo wa watu ishirini, anateka maji. Usiku ukiingia bado yuko jikoni, macho mekundu kwa moshi. Baba yuko wapi? Ameshuka sokoni "kuwaona vijana wa zamani", na vijana hao hukutana palipo na nyama choma na chupa. Anarudi saa sita za usiku. Baada ya siku tano familia inarejea Nairobi. Baba anasema alipumzika vizuri. Mama anarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka.

Je, hiyo ni likizo ya familia? Kumbuka Musa: pumziko ni la nyumba nzima, hata la punda. Mume anayeacha mke wake ateseke peke yake, kisha asubuhi ya Jumapili anakwenda Misa kushukuru kwa mapumziko, ameshika nusu ya amri. Na mwana wako anakutazama. Mke atakayemuoa atamlisha machozi yale yale, kwa sababu hayo ndiyo aliyojifunza nyumbani kwa babu.

Agikuyu husema kamuingi koyaga ndiri, yaani walio wengi, hata wakiwa wadogo, huinua kinu. Gaweni kazi. Wavulana wateke maji na kuosha sufuria. Baba apasue kuni, akae jikoni amenye viazi akiongea na mama yake. Mara nyingi kikongwe humweleza mwanawe mambo ya moyoni akiwa pale penye moto, mambo ambayo hawezi kuyasema sebuleni. Na watoto wasikae kama wageni wa hoteli. Waswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuchuma majani chai asubuhi moja pamoja na guka, au kukata nyasi za ng'ombe, kutamfundisha mtoto jinsi karo ya baba yake ilivyopatikana.

Jambo lingine ni la aibu kidogo, lakini lisemwe. Wako wanaofika na mikate miwili na kuondoka na gunia la viazi, kabichi kumi na debe la maharagwe. Wazee hutoa kwa upendo, kisha hubaki na ghala tupu. Kabla ya kufungua buti la gari, angalia paa la mama kama linavuja. Uliza dawa za presha zimebaki ngapi. Uliza bima yake ya matibabu imelipwa au la. Kumheshimu mzazi kuna matendo yake.

MAWE YA KUMBUKUMBU

Baada ya kuvuka Mto Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawaeleze jinsi Mungu alivyowavusha (Yos 4). Nasi tunayo mawe yetu, tena hayako mbali.

Chukueni siku moja mwende Tuthu, upande wa Murang'a, karibu na msitu wa Nyandarua. Hapo ndipo wamisionari wa Consolata walipofika mwezi wa Juni mwaka 1902, mapadre wawili na mabruda wawili, na tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, ikatolewa Misa yao ya kwanza katika nchi ya Agikuyu. Aliyewapokea ni chifu Karuri wa Gakure. Waelezeni watoto kwamba Karuri mwenyewe alibatizwa mwaka 1916, miaka 14 baada ya kuwapa wageni wale mahali pa kulala. Mungu ana subira. Mzazi anayelia kwa sababu kijana wake ameacha kwenda kanisani na apate faraja hapo.

Waelezeni pia kwamba mwezi wa Machi mwaka 1904 wamisionari hao walikutana Murang'a wakapatana juu ya njia ya kuieneza Injili: kufundisha katekisimu, kuwaandaa makatekista, kufungua shule, kuwahudumia wagonjwa na kuwatembelea watu katika nyumba zao. Tafakarini neno hilo la mwisho. Imani yetu katika sehemu hizi ilikuja kwa kutembelewa nyumbani. Mtu alipanda mlima na kushuka bonde, akainama mlangoni mwa nyumba ya nyasi, akaketi. Nasi leo, wenye barabara ya lami, tunashindwa kumtembelea mama aliyetuzaa? Baba Giuseppe Allamano, padre wa Turin, Italia, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1901, hakuwahi kukanyaga Kenya, lakini aliwatuma wanawe kwetu. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Kisha mwende Gikondi, huko Mukurweini. Hapo aliishi Sista Irene Stefani kuanzia mwaka 1920 hadi alipofariki tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na miaka 39, baada ya kuambukizwa tauni akimhudumia mgonjwa. Kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwauguza wapagazi wa Kiafrika katika hospitali za jeshi huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Watu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alikwenda mbio kutoka nyumba hadi nyumba, na aliwaandikia barua kina mama wasiojua kuandika, ambao waume na wana wao walikuwa mbali kutafuta kazi. Huyo ndiye mtakatifu wa kuombea familia zilizotengana kwa ajili ya mkate! Alitangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na mabaki yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Mama Consolata mjini. Kama binti yako anaitwa Irene, mpeleke.

Jiwe jingine halihitaji nauli kubwa. Nendeni katika parokia alikobatizwa guka au cucu, mkamwombe paroko kwa adabu awaonyeshe daftari la ubatizo. Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba mtu akifunga ndoa, ndoa hiyo iandikwe pia katika daftari hilo, penye jina lake la ubatizo. Mtoto ataona kwa macho yake jina la babu yake, tarehe aliyopokelewa na Kanisa, na pembeni, kwa wino mwingine, ndoa iliyomleta yeye duniani. Ubatizo na ndoa katika mstari mmoja! Sidhani kuna picha ya kumfundisha mtoto maana ya sakramenti kuliko hiyo.

Na msisahau waliokuwapo kabla ya 1902. Mwombeni guka asimulie jinsi wazee walivyoomba chini ya mugumo wakiielekea Kirinyaga, mikono juu. Jina walilomwita Mungu, Ngai, ndilo tunalolitumia hadi leo katika Misa ya Kigikuyu. Maaskofu wa Afrika walipokutana Roma kwa Sinodi ya mwaka 1994, walilichagua Kanisa liitwe Familia ya Mungu, kwa sababu Mwafrika anaelewa familia. Hata hivyo si kila cha kale ni cha kushika. Kukeketa wasichana ni kosa mbele ya Mungu na kumepigwa marufuku na sheria ya nchi ya mwaka 2011. Tohara ya wavulana mwezi wa Desemba, ikiachwa mikononi mwa vijana walevi, humpoteza mtoto badala ya kumkomaza. Baba, likizo hiyo ni yako. Usimwachie mwingine kumfundisha mwanao maana ya kuwa mwanamume.

HADITHI NGUMU

Tukiongea juu ya asili, hatuwezi kuchagua yale matamu tu. Wazee wetu wa Nyeri walipitia Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Yako maboma ambamo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa homugadi. Watu walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji, na mipaka ya mashamba mengi ilipimwa upya wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini. Kutoka hapo zilizaliwa chuki ambazo wajukuu wamezirithi bila kujua chanzo chake. Hujui kwa nini hamsalimiani na nyumba ile ya ng'ambo ya mto. Unajua tu kwamba hamsalimiani.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja, urithi, kwa ajili ya shamba na kwa ajili ya desturi njema. Cha kusikitisha ni kwamba wengi wanapokutana Desemba, urithi wanaoujadili ni ekari. Kaka wanashikana mashati mbele ya watoto, dada wanaambiwa hawana neno kwa sababu waliolewa, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inatambua haki sawa ya mwanamume na mwanamke. Mtoto akiona hayo, amerithi nini? Amerithi kesi.

Mume na mke wanaweza kuanza kuuvunja mnyororo huo. Wakiwa kitandani usiku ule wa kwanza, waulizane: ni nani katika boma hili hatusemi naye? Kesho twende kumsalimu pamoja. Huenda mlango usifunguliwe. Lakini watoto watakuwa wameona baba na mama yao wakipiga hodi. Hodi hiyo ni urithi.

MASHAKA MNAYOWEZA KUWA NAYO

Wapo watakaosema: "Wazee wanataka pesa tu, nami naituma kila mwezi kwa M-Pesa." Kutuma ni vyema, endelea. Lakini Bwana Yesu aliwakemea watu waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao (Mk 7:9-13). Pesa nayo yaweza kuwa kisingizio cha kutofika. Ukienda miaka mitano bila kuonekana, usishangae mzee akijua sauti ya ujumbe wa simu kuliko sauti yako.

Wengine watasema: "Watoto hawajui Kigikuyu, hawawezi kuongea na cucu." Hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Mtoto hujifunza lugha kwa kuomba chakula na kucheka, na wiki mbili zinatosha kuanza.

Wako pia wenye jeraha la kweli. Nyumbani kuna ulevi wa kutisha, matusi, hata mtu aliyewahi kumdhulumu mtoto. Wapendwa, amri ya nne haimwagizi mzazi kumtia mwanawe katika hatari. Wasaidieni wazee mkiwa mbali, nendeni kwa mchana mmoja mkiwa wote, laleni kwingine, na mwombe ushauri kwa padre. Kumheshimu mtu si kumfichia uovu.

Na je, kwenda Mombasa ni dhambi? La hasha. Bwana mwenyewe aliwaita mitume wakae kando wapumzike kidogo (Mk 6:31), na mume na mke wanahitaji siku zao wawili. Lakini hata pwani hamwachi imani. Waonyesheni watoto Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na mwaelezeni kwamba mwaka 1631 katika mji huo Wakristo wengi, Waafrika pamoja na Wareno, waliuawa kwa sababu walikataa kuikana imani yao. Jumapili tafuteni Misa. Ila isiwe kila mwaka bahari, na cucu akisubiri mlangoni kila mwaka.

MAMBO MATANO YA KUTENDA

1. Mwezi mmoja kabla, mume na mke wakae chini na kalamu: siku ngapi, pesa ngapi, kwa nani kwanza. Msikope ili kuonekana.

2. Kila mtoto apewe kazi ya kurudi na habari mbili: moja ya mtakatifu wake, moja ya yule aliyerithi jina lake. Aziandike katika daftari. Wazee hawatakuwapo daima.

3. Jioni simu ziwekwe kando, Rozari isaliwe, na cucu aongoze fumbo moja kwa lugha yake. Mtakatifu Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake na mama yake (2 Tim 1:5).

4. Tembeleeni makaburi ya familia, myasafishe, mwombee marehemu. Ikiwa wazazi wamefariki, watafuteni wazazi wa ubatizo, au jirani aliyekuwa akiwapa uji.

5. Kabla ya kuondoka, ombeni baraka ya wazee mkiwa mmepiga magoti, mume na mke pamoja, watoto kando yenu.

KWA MAJADILIANO YA WAWILI

Mkiwa peke yenu, jibuni kwa upole. Katika likizo iliyopita, ni nani kati yetu aliyepumzika na ni nani aliyechoka? Ni upande gani wa familia watoto wetu hawaujui, na kwa nini? Sisi wenyewe tukizeeka, tungependa watoto wetu waje kwetu kwa sababu gani?

Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa maana njia ya kurudi nyumbani mtoto huionyeshwa akiwa mdogo, akiwa ameketi kiti cha nyuma, akiwasikiliza baba na mama wakiongea mbele. Asiyeonyeshwa hatakuja kuijua siku mtakapokuwa wazee mkimngojea.

Mwenye Heri Irene Nyaatha awaombee, na Mungu azibariki safari na nyumba zenu.